Ufunguo Katika Filamu ya Buluu

Kalenda ilikuwa ya akina mama wa parokia, kumi na wawili, mmoja kwa kila mwezi. Wote walikuwa wazee, wengi wao wajane wa wafanyakazi wa kiwanda au wa reli, na wote walipigwa picha wakiwa wamevaa kitenge kimoja cha sikukuu, cha buluu chenye maua ya manjano. Picha zilipofika mezani kwangu, katika matbaa ndogo niliyofanyia kazi hapa Likasi, kusini mwa Kongo, niliona kazi nyepesi. Nyuso nyeusi, kitenge cha buluu, ukuta mweupe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijiona nimekwisha kujua kazi.

Fundi aliyenifundisha alikuwa mzee mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Sote tulimwita Papa. Alichukua picha ya mama wa Januari, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia, akanisukumia.

"Niambie rangi ya huyu mama."

"Mweusi, Papa."

"Angalia tena."

Nikaangalia. Sikuona kitu kipya.

"Huyu mama haiko mweusi," akasema. "Angalia ku shavu, kuko nyekundu. Ku paji, kule mwangaza inapiga, kuko buluu kidogo. Chini ya macho kuko manjano. Weye ukiweka wino mweusi tu, utachapa maiti. Na mama mwenyewe iko muzima, atakuja kuona."

Siku ile nilirudi nyumbani nikiangalia nyuso za watu barabarani mpaka wengine wakadhani nawafahamu. Papa alikuwa amesema kweli. Mwanamke aliyeuza mihogo kwenye kona ya soko alikuwa na zambarau shingoni. Mwanamume aliyepita na baiskeli alikuwa na kijani kwenye mikunjo ya mkono. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo katikati ya rangi hizo na sikuwa nimeona hata moja.

Matbaani kompyuta ilikuwapo, lakini ilikuwa ya maneno tu. Picha zilipita kwa Papa. Alikuwa na kamera kubwa kama kabati la nguo, iliyoachwa na mapadri wa zamani, na nyuma yake chumba cha giza chenye sinia za dawa. Picha moja ya rangi ilipigwa mara nne, kwenye filamu nne. Mara ya kwanza kupitia kioo chekundu, na filamu hiyo ilikuwa ya wino wa buluu. Mara ya pili kupitia kioo cha kijani, kwa wino wa waridi. Mara ya tatu kupitia kioo cha buluu, kwa wino wa manjano. Ya nne ilikuwa ya wino mweusi, ambao Papa aliutumia kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi katika chakula cha mgonjwa. Filamu zote zilitoka na vinukta vidogo visivyohesabika, na zilitoka kinyume: palipo peupe kwenye picha palikuwa peusi kwenye filamu, na palipo peusi kwenye filamu wino haukufika kwenye karatasi. Hilo la kinyume ndilo lililonisumbua zaidi mwanzoni.

Sikuelewa pia kwa nini kioo chekundu kizae wino wa buluu. Papa alinieleza mara tatu kwamba filamu hiyo inaonyesha palipopungukiwa na nyekundu, na hapo ndipo wino wa buluu unapokaa; nikaitikia mara tatu. Nilielewa siku karatasi ya majaribio ya mama wa Januari ilipopita mashineni. Kwanza ilichapwa manjano peke yake, na uso ulikuwa kama wa mtu mwenye homa ya nyongo. Juu yake ikaja waridi, uso ukawaka, ukawa kama wa mtu aliyekasirika. Kisha ikaja buluu, na mama akafika. Sina namna nyingine ya kusema. Muda mfupi kabla palikuwa na wino kwenye karatasi, halafu palikuwa na mtu ananitazama. Niliinamia kioo cha kukuzia nikaona vinukta tu, vya buluu, waridi na manjano, kila kimoja mahali pake. Nikainua kichwa, nikaona mama. Nikainama, vinukta. Nilifanya hivyo mpaka mwendesha mashine akaniuliza kama shingo inaniuma.

Wakati huo nilikaa Kikula, kwa kaka yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya. Wazazi wetu walibaki Shituru, katika nyumba ya kampuni ambayo baba alipata alipokuwa kiwandani, lakini kutoka Kikula nilifika kazini kwa miguu. Kaka alikuwa mchimbaji. Miaka ile vijana wengi wa mtaa wetu walikwenda Shinkolobwe kutafuta kobalti. Mgodi ulikuwa umefungwa na serikali, kila mtu alijua umefungwa, na kila Jumatatu barabara ya kwenda huko ilijaa baiskeli. Kaka aliondoka na wenzake wa kanisa la maombi alilohamia, akarudi Jumamosi, mweusi kwa vumbi mpaka kope. Mawe aliyokuwa akingoja kuuza aliyaweka katika mifuko chini ya kitanda cha binti zake wawili, kwa sababu kitanda kile ndicho kilichoinuka kuliko vingine.

Jumamosi moja alinipa jiwe.

"Kamata, mudogo wangu. Hii siuzishe. Iko muzuri. Peleka ku kazi yako, ikukamatie makaratasi."

Lilikuwa na ukubwa wa ngumi, jeusi, lenye mng'ao wa mkaa mgumu uliovunjwa, na zito kupita umbo lake, hata mkono ulishtuka kulipokea. Upande mmoja lilikuwa na ukoko wa manjano, manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na uzi mwembamba wa kijani. Nililipeleka matbaani nikaliweka karibu na kopo la wino wetu wa manjano, na wino ukaonekana umechuja. Nililionea fahari jiwe lile.

Sikulitumia kwa makaratasi. Katika chumba cha giza, sanduku la filamu lilikuwa na kifuniko kilicholegea kona moja. Filamu zenyewe zilikuwa ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, lakini niliogopa mwanga usije ukapenya. Nikaliweka jiwe juu ya kifuniko kukibana. Papa alipoliona aligusa uzito wake, akasema nimefanya vema. Alikuwa na desturi ya kuweka ufunguo wa kabati la dawa juu ya sanduku lile, ili aupapase gizani bila kutafuta. Tangu siku ile akawa anauweka chini ya jiwe.

Tulikuwa tumefika mama wa Mei Papa alipougua malaria. Ilikuwa mwanzo wa mvua. Alikaa nyumbani wiki tatu, na wiki tatu hizo hakuna aliyeingia chumba cha giza, kwa maana hakuna aliyeruhusiwa. Mimi nilibaki nikipanga maneno ya sala na majina ya sikukuu chini ya kila mwezi.

Aliporudi alikuwa amepungua hata suruali ilimkataa. Tulianza na mama wa Juni, mwanamke mwenye makovu mawili madogo juu ya nyusi na macho ya kucheka. Papa akapiga filamu nne, akaziosha, nikazining'iniza zikauke. Nilipoweka filamu ya buluu kwenye meza ya mwanga niliona kama wingu jeusi juu ya paji la uso, nikadhani ni maji hayajakauka. Nikamwonyesha Papa. Aliinama, macho yake bado yana unjano wa ugonjwa, akasema tuendelee. Tukatengeneza mabamba ya kuchapia, mashine ikawashwa.

Karatasi ya kwanza ilipotoka, mwendesha mashine alizima injini, akavua kofia.

Paji la uso la mama wa Juni lilikuwa linawaka. Kuanzia kwenye nyusi mpaka kwenye kilemba, ngozi ilikuwa na rangi ya machungwa, kama mtu aliyeinama juu ya jiko la mkaa. Mashavu, shingo, mikono, vyote vilikuwa vya kawaida. Paji peke yake lilikuwa na moto.

"Papa," mwendesha mashine akasema kwa sauti ndogo, "huyu mama alifanya nini mu maisha yake? Hii ni alama."

"Buluu imekosa pale," Papa akajibu. "Buluu ikikosa, nyekundu na manjano vinabaki peke yao. Hiyo njo moto unaona."

"Na juu ya nini imekosa?"

Papa alichukua filamu ya buluu, akaiinua dirishani, na safari hii aliliona wingu. Palipo peusi kwenye filamu, wino haukufika. Wingu ndilo lililokula buluu ya mama.

Alidhani ni mwanga umevuja. Tulitumia asubuhi nzima kuziba chumba cha giza kwa plastiki nyeusi na gundi, tukaziba hata tundu la msumari. Kisha tukajifungia ndani, tukakaa kwenye viti robo saa, tukingoja macho yazoee, tuone kama kuna uzi wowote wa mwanga. Niliweka mkono mbele ya uso na sikuuona. Nilisikia pumzi ya Papa na tone la maji kwenye sinia. Hapakuwa na mwanga. Jiwe lilikuwa mita moja kutoka magotini mwangu.

Tukapiga picha ya mama wa Julai. Wingu likaja tena, jepesi zaidi, mahali palepale pa filamu, ingawa kwa mama huyu lilianguka begani. Papa alikaa kwenye ngazi ya mlango, akashika kichwa. Nilimwonea huruma. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumrudishia kazi.

Nilizipanga filamu zote nane kwenye meza ya mwanga kwa mfuatano tulivyozitumia, nne za Juni na nne za Julai. Nilitaka tu kuona wingu linakaa wapi. Nilipomaliza kuzipanga, nikamwita.

"Papa, hizi tulitoa katika sanduku moja, moja nyuma ya ingine?"

"Ndiyo. Kutoka juu."

"Angalia. Ya kwanza njo nzito. Ya pili inapungua. Ya tatu, ya ine, mpaka hii ya mwisho. Kama mwangaza ulivuja wakati wa kupiga, zingekuwa sawasawa, ama zingechanganyika."

Alipita juu ya filamu polepole, akirudi nyuma, akienda mbele, kidole hakigusi. Aliposimama wima alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Donc, basi kitu kiliingia kutoka juu," akasema. "Kikapita filamu moja, kikachoka kidogo, kikapita ingine. Mu sanduku yenye kufungwa."

Tukakubaliana kuosha filamu moja bila kuipigia picha. Filamu isiyoona mwanga ikioshwa hutoka safi, unaona mkono wako kupitia kwayo kama kupitia kioo. Tuliingia gizani. Nilimsikia akisogeza jiwe, akitoa filamu, akiitelezesha kwenye dawa. Alihesabu kwa sauti, kama kawaida yake, kisha maji, kisha dawa ya pili, kisha maji tena. Halafu akawasha taa.

Alikuwa ameishika kwa ncha mbili, maji yanachuruzika kwenye viganja. Katikati ya filamu palikuwa na wingu la kijivu, la mviringo usio sawa, zito katikati na linaloyeyuka pembeni. Ndani ya wingu palikuwa na ufunguo.

Haukuwa mfano wa ufunguo. Ulikuwa ufunguo wetu, mweupe katikati ya kijivu, na pete yake, shina lake, meno yake matatu, na hata pengo dogo lililovunjika kwenye jino la mwisho. Ufunguo wenyewe ulikuwa pale juu ya sanduku. Papa aliuchukua, akaulaza juu ya filamu iliyolowa, ukaenea barabara.

Sisi wawili tulikuwa watu wa kutengeneza picha. Tulijua kila picha inavyopatikana: taa, kioo, lenzi, sekunde ngapi. Na hapa palikuwa na picha ambayo hakuna aliyeipiga, bila taa, bila lenzi, ndani ya sanduku lililofungwa, katika chumba kilichofungwa, wakati mwenye chumba akiwa amelala na homa upande wa pili wa mji. Nilitaka kupiga magoti na nilitaka kukimbia, sikufanya lolote kati ya hayo.

Papa ndiye aliyefikiri kwanza. Alitazama ufunguo, kisha akatazama kile kilichokuwa kimekaa juu ya ufunguo. Akanishika mkono akanirudisha nyuma hatua mbili.

"Hii jiwe ilitoka wapi?"

"Shinkolobwe, Papa. Yaya yangu alinipa."

Aliliangalia jiwe tena. Kisha akasema, "Baba yangu alitumika kazi kule, wakati wa wazungu. Hakupenda kusema juu yake."

Alilitoa jiwe kwa koleo la mkaa, akalitia katika ndoo ya zamani ya wino, akaenda kuiweka mwisho kabisa wa kiwanja, nyuma ya ukuta. Akaosha mikono, akanifanya nioshe yangu, mara mbili. Kisha akafunga filamu katika gazeti akanituma kwa mtawa aliyefundisha kemia katika shule ya wasichana. Alikuwa mteja wetu wa karatasi za mitihani, mama mpole aliyekuwa na haraka siku zote.

Nilimkuta barazani akisahihisha madaftari. Nilimweleza tangu mwanzo, nikafungua gazeti. Alisimama, akaiinua filamu kuelekea uani, na kalamu nyekundu ikaanguka asiiokote.

"Miaka ishirini nafundisha hili," akasema. "Nachora ubaoni, watoto wanaandika, nafuta. Sijawahi kuliona kwa macho yangu."

Akanieleza kwamba mawe mengine ya Shinkolobwe yana urani, na kwamba urani hutoa mionzi usiku na mchana, tangu kabla ya watu kuwapo. Jicho haliioni mionzi hiyo na ngozi haiisikii. Inapita karatasi, inapita plastiki, inapita nyama ya mwili, na chuma cha ufunguo kiliizuia ndiyo maana ufunguo ulibaki mweupe. Filamu inaona pale jicho linaposhindwa. Alisema yote haya kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani. Nami nilisikiliza hivyohivyo. Nilifikiria jiwe lile likiwaka mfukoni mwangu njia nzima kutoka Kikula, mwanga usioonekana ukipita katika watu niliopishana nao, ukipita kuta, na kuku, na mimi.

"Hiyo ndoo muiache mbali," akasema. "Nina mwalimu wangu Lubumbashi, nitampigia simu leo. Ulikaa na jiwe muda gani?"

"Mwezi na zaidi. Lakini ma sœur, hilo ni moja tu. Nyumbani kuna mifuko."

"Mifuko iko wapi?"

Nilipomwambia iko chini ya kitanda cha watoto, alinirudishia filamu mkononi.

"Nenda nyumbani sasa hivi. Umwonyeshe kaka yako."

Kaka alikuwa amekaa mlangoni akirekebisha mnyororo wa baiskeli. Lazima niseme kwamba watu walikuwa wamekwisha kumwambia. Redio ilisema, baba alisema, hata shemeji yangu aliwahi kumwuliza kwa woga. Jibu lake lilikuwa moja: wanatutisha ili tuwaachie mawe. Kwa hiyo sikumwambia neno. Nilimpa filamu nikamwelekeza aiinue kwenye mwanga.

"Ni ufunguo," akasema.

"Ndiyo. Ufunguo wa kazini."

"Nani alipiga hii foto?"

"Hakuna muntu, yaya. Ile jiwe ulinipa njo ilipiga. Ilikuwa juu ya sanduku yenye kufungwa. Ufunguo ulikuwa chini yake. Ndani mulikuwa giza."

Alicheka kidogo, akangoja nami nicheke. Alipoona sicheki akaiangalia tena. Alipitisha kidole gumba juu ya meno ya ufunguo, akasimama kwenye lile pengo. Kaka yangu alikuwa mtu wa mikono. Aliamini kitu alichoweza kukigusa ukingo wake.

"Ilipita mu karatasi?"

"Ilipita mu karatasi na mu plastiki na mu filamu nane."

"Na mu godoro?"

Alikwisha kusimama. Aliingia chumbani kwa watoto, nikasikia kitanda kikiburuzwa. Alitoka na mfuko wa kwanza amekumbatia kifuani, nikampigia kelele aushike mbali na mwili, akaweka chini, akauburuza. Mifuko minne. Aliiburuza mmoja mmoja hadi kwenye shimo la takataka nyuma ya uwanja wa mpira, huku majirani wakimwuliza ana nini. Aliporudi alivua shati, akaketi chini ukutani. Binti zake wawili walikuwa wanaruka kamba barabarani. Aliwatazama mpaka shemeji alipotoka kuuliza kumetokea nini, na mimi ndiye niliyemweleza, kwa sababu kaka hakuweza.

Siku ya tatu alikuja mtu kutoka Lubumbashi, mwanafunzi wa zamani wa yule mwalimu, na kifaa cha kupima mionzi, sanduku dogo lenye mkono kama kipaza sauti. Alianzia kwenye ndoo matbaani. Kifaa kilikuwa kikitoa mlio mmoja mmoja, kama mtu anayebonyeza kalamu kwa mawazo. Alipokisogeza kwenye ndoo milio iliungana ikawa kama mvua kwenye bati. Kisha tukaenda Kikula. Alikipitisha juu ya kitanda cha watoto, sentimita kwa sentimita, na sote tulisimama mlangoni tukihesabu milio. Kwenye sakafu iliongezeka. Kwenye godoro iliongezeka kidogo. Juu ya mto ilirudi kuwa mmoja mmoja. Akasema muda haukuwa mrefu, akasema godoro litupwe, vumbi lote lifutwe kwa maji na si kwa ufagio, watoto wapelekwe kwa daktari mara kwa mara. Akachukua mawe yote, hata yale ya shimoni, katika pipa la chuma. Binti wale sasa ni watu wazima, mmoja ana mtoto wake, na mpaka leo ninapoandika ni wazima.

Filamu mpya zilifika kutoka Lubumbashi. Tulipiga upya picha za mama wa Juni na mama wa Julai. Papa alichukua muda mrefu na Juni, akamrudia mara mbili kupitia kioo chekundu mpaka buluu ya paji ilipokaa. Siku ya kuchukua kalenda mama mwenyewe alikuja na wenzake, akafungua ukurasa wake, akajitazama, akagusa makovu yake karatasini na kisha usoni.

"Njo miye mwenyewe," akasema. "Kabisa."

Mwendesha mashine alitaka kumwambia habari ya moto. Papa akamkazia macho.

Kaka hakurudi Shinkolobwe. Wenzake wengine walirudi, baadhi yao baada ya kushika ile filamu mikononi, na sitawahukumu. Yeye alianza kufyatua matofali. Lakini kabla ya hapo alikuja matbaani, asubuhi moja ya mvua, amevaa shati la kanisani, akamwomba Papa amwonyeshe chumba cha giza. Nilidhani anataka kuona mahali jiwe lilipokaa. Papa hakumwonyesha sanduku. Aliwasha taa nyekundu, ile ambayo karatasi ya picha haiiogopi, akachukua filamu ya wino mweusi ya mama wa Juni, akailaza juu ya karatasi, akafungua mwanga sekunde chache, akaitia karatasi tupu kwenye sinia.

"Angalia tu," akamwambia.

Kaka aliinama. Karatasi ilikuwa nyeupe chini ya dawa, Papa akitikisa sinia taratibu. Kisha kwenye weupe ule yakaja macho. Yalianza macho, kwa sababu ndiyo meusi kuliko yote, kisha pua, kisha makovu mawili, kilemba, na mwisho maua ya kitenge, moja moja. Kaka aliendelea kushika ukingo wa sinia kwa mikono yote miwili hata picha ilipokwisha kutimia.

"Na hii," akauliza, "nayo ni mwangaza?"

"Ni mwangaza," Papa akasema. "Ule unaoona na macho."

Kaka akavuta kiti, akaketi karibu na sinia.

"Fanya ingine, Papa," akasema.